Boti yangu inaandika "ziwa anacheka": nirekebishe nini?

Swali: Yaya, niko Kadutu, nina simu ya Android tu. Nataka boti ya Telegram (programu inayotuma ujumbe yenyewe, si boti ya kwenda Goma!) itume kila asubuhi sentensi moja ya kishairi kuhusu Bukavu. Nilifuata mafunzo ya Kiingereza: orodha ya nomino, orodha ya vitenzi, programu inaokota moja moja. Inatoa "ziwa anacheka", "vilima anasubiri". Tena umeme ukikatika, boti itaendaje?

Jibu: Mdogo wangu, umefuata vizuri, ila mafunzo yale hayakutungwa kwa ajili ya lugha yetu. Kwa Kiingereza unaokota nomino yoyote na kitenzi chochote, mara nyingi sentensi inasimama. Kwetu nomino ndiyo inayotawala: ziwa linacheka, mtumbwi unacheka, vilima vinacheka, sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani) wanacheka.

Basi usihifadhi neno peke yake. Kila nomino iingie kwenye orodha pamoja na kiambishi chake na kiunganishi chake:

("ziwa", "li", "la")
("mtumbwi", "u", "wa")
("vilima", "vi", "vya")
("sambaza", "wa", "wa")
("mvua", "i", "ya")

Vitenzi viandike bila kichwa: "cheka", "subiri", "ota". Programu ikiokota "vilima", inachukua "vi", inaongeza "na", kisha kitenzi: vinasubiri. Kiunganishi nacho kinakupa mapambo: ziwa la fedha, mvua ya fedha, vilima vya fedha. Kwa kuanzia ningekwepa sifa kama "-kubwa", maana zina vigeugeu vyake: mtumbwi mkubwa, ziwa kubwa, vilima vikubwa. "La fedha" na "vya fedha" zinakufikisha mbali bila tabu. Vitenzi vifupi kama kuja na kula viandike na "ku" yake, "kuja", upate linakuja. Ukanushaji uache kwanza.

Yote haya unaweza kuyaandika kwenye simu hiyo hiyo kwa Pydroid 3, programu ya Android ya kuandikia lugha ya kompyuta ya Python.

Sasa hesabu. Nomino 20, vitenzi 15 na mahali 10 (pale Nyawera, kule Bagira, kando ya Ruzizi) vinatoa sentensi 3,000. Kwa moja kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka minane. Lakini ukiokota kwa bahati nasibu kila siku, baada ya miezi miwili hivi tayari kuna nusu kwa nusu kwamba sentensi fulani imejirudia. Mimi natengeneza sentensi zote kwa mpigo, nazichanganya kwa mbegu isiyobadilika (namba inayofanya mchanganyiko uwe uleule kila mara), random.Random(7).shuffle(sentensi), halafu nachukua ile inayolingana na namba ya siku, date.today().toordinal() % len(sentensi). Boti haihitaji kukumbuka kitu, na hakuna sentensi inayorudi kabla zote hazijaisha. Ukiongeza neno jipya, mpangilio unaanza upya.

Kwenye Telegram, mwandikie BotFather (boti rasmi ya Telegram ya kutengenezea boti), tuma /newbot, chagua jina la mtumiaji linaloishia na "bot", naye atakupa tokeni, yaani msimbo wa siri wa kuiendesha boti yako. Fungua chaneli, ifanye boti kuwa msimamizi, kisha tuma kwa sendMessage, amri ya Telegram ya kutuma ujumbe. Tokeni ni ufunguo wa nyumba. Mwanafunzi wangu mmoja alipiga picha kioo chake akaomba msaada kwenye kundi, tokeni ikionekana wazi. Kabla ya jioni boti yake ilikuwa inatangaza mikopo. Likikupata hilo, tuma /revoke kwa BotFather mara moja. WhatsApp usiiguse kwa programu zisizo rasmi, namba yako inaweza kufungwa.

Umeme usikusumbue. Boti inayotuma mara moja kwa siku haihitaji mashine inayokesha. Weka programu GitHub (tovuti ya kuhifadhi programu), tokeni uiweke kwenye Secrets, sehemu yake ya siri (kamwe si ndani ya faili), na Actions, huduma yake ya kuendesha programu, iiendeshe kwa ratiba. Saa zake ni za UTC (saa ya kimataifa) na sisi tuko mbele kwa saa mbili, kwa hiyo saa mbili asubuhi ya Bukavu unaiandika "0 6 * * *" (dakika 0, saa 06:00 ya UTC, kila siku). Inaweza kuchelewa kidogo. Na kama hazina yako (folda ya programu huko GitHub) ni ya wazi, ikikaa siku 60 bila badiliko, ratiba inazimwa. Ingia uongeze neno moja moja.

Jambo la mwisho, nalo nalishikilia sana. Kabla ya kuwasha, soma angalau sentensi mia kwa macho yako, na ondoa kwenye vitenzi "bomoka", "zama", "ungua". Mji wetu una maporomoko ya ardhi na moto. Boti haijui kilichotokea usiku. Asubuhi watu wanapotafuta ndugu zao kwenye matope, isije ikawaandikia "nyumba inabomoka kule Kadutu" kama shairi. Siku kama hiyo, zima ratiba kwa mkono, chaneli ikae kimya.