Wodi Ina Wenyewe

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma. Baba yako naye kaisoma, akanirudishia akisema, "Hiyo ni yako, mama wa wodi." Unauliza kama mwaka mmoja tangu upate leseni unatosha kwenda kujitolea uuguzi nchi ya nje, au usubiri uive kwanza. Jibu la haraka lipo. Madaktari Wasio na Mipaka, shirika lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1971, kwa kawaida linataka muuguzi awe na uzoefu wa angalau miaka miwili. Yapo mengine yanayopokea hata mwanafunzi. Hayo yananitia shaka, lakini tuyaache.

Tuyaache kwa sababu mimi sikuwahi kwenda popote. Mimi nilikuwa upande wa kupokea. Miaka ile wewe na dada yako mkinisubiri mlangoni nikitoka zamu ya usiku, wodi ya watoto ilikuwa ikiletewa watu wa kujitolea mmoja baada ya mwingine. Wewe umeuliza kama uko tayari. Mimi ninaloweza kukusimulia ni habari za wale unaowaendea.

Alikuja binti mmoja, mchapakazi, hana maringo, na alitupenda kweli. Wiki yake ya kwanza, mchana mmoja ambao kazi zilikuwa chache, akafungua kabati la dawa akaona vurugu. Diazepamu imekaa pamoja na dekstrosi (maji ya sukari ya mshipani), pamoja na mabomba ya sindano, pamoja na vipimo vya sukari, vyote rafu ya juu upande wa kushoto. Vilikaa hivyo kwa sababu mtoto wa degedege anavihitaji vyote kwa mpigo: unatuliza degedege, unapima sukari, ikiwa imeshuka unampa dekstrosi. Yeye akapanga kabati zima kwa alfabeti. Akabandika na majina, mwandiko mzuri ajabu. Akaenda kulala.

Usiku ule umeme ukakatika, na mama mmoja akaingia mbio na mtoto aliyekuwa anatupa mikono na miguu, macho yamegeuka. Mkono wangu ukaenda wenyewe juu kushoto, ukakuta amoksilini, dawa ya bakteria. Nikasimama pale na tochi mdomoni, nasoma vibandiko kama mtoto wa darasa la kwanza. Mtoto alipona, sikufichi. Sukari yake ilikuwa imeshuka mno. Tukampa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito, akafumbua macho akamtafuta mama yake. Lakini zile dakika za kutafuta, nazijua mimi.

Asubuhi, wakati wa kukabidhiana zamu, mkubwa wetu akasimama mbele ya kabati akampongeza. "Tazameni mgeni alivyotupangia." Nami niko pale pale, miguu imevimba. Nilinyamaza. Baba yako husema ningesema. Baba yako husema kila kitu, ndiyo maana hadi leo shangazi yako hatutembelei.

Wodi ina wenyewe. Nilikuambia ulipoingia chuo, nikakuambia tena ulipoanza mafunzo kwa vitendo, ukacheka. Kabati lile lilipangwa na watu waliokwisha kufiwa na watoto mikononi mwao, wakajua kipi kikae karibu na kipi. Hakuna aliyeandika sababu. Ilitosha kuuliza.

Sasa usidhani nakukataza. Mwaka 1854 Mary Seacole, muuguzi mzaliwa wa Jamaica, alibisha hodi kwenye ofisi za London akiomba apelekwe vita vya Crimea kuuguza, wakamkataa, akaenda kwa fedha zake mwenyewe. Angesubiri kukubaliwa asingefika. Ingawa yeye alikuwa amekwisha kuuguza wagonjwa wa kipindupindu Jamaica na Panama, kwa hiyo mfano huu unanigeuka mwenyewe.

Halafu kuna jambo linalonisumbua kila nikiwaza swali lako. Yule binti wa kabati hakuwa mchanga wa kazi, alikuwa ameuguza miaka mingi. Na aliyetufaa kuliko wote alikuwa kijana aliyetoka chuoni juzi tu. Siku ya kwanza aliuliza, "Sista, hapa mnaanzaje?" Kipindupindu kilipotuelemea alikaa na akina mama, anawaonyesha kumnywesha mtoto maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, mtoto akitapika, wanangoja dakika kumi, wanaanza tena polepole. Ni kazi isiyo na sifa, na ndiyo iliyokuwa inaokoa watoto wodini mwetu.

Basi miaka si hoja? Ni hoja. Kijana yule alikuwa na mimi ubavuni. Angekuwa peke yake usiku wa degedege, upole wake ungesaidia nini? Wodi ina wenyewe, na mgeni anahitaji mwenyeji aliye macho.

Mengine unayajua. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, ya mwisho mwezi wa sita, nawe ulichoma mbili ukapotea. Usinibishie, kadi yako iko kwenye droo yangu. Kabla hujashika mgonjwa huko, ulizia dawa za kinga ya VVU zinakaa wapi na nani ana ufunguo usiku. Ukichomwa na sindano iliyotumika, unatakiwa kuzianza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora, kisha umeze siku 28. Na kila chupa soma kipimo chake upya: dekstrosi utaikuta ya asilimia 5, ya 10, hata ya 50, na huko rangi za vifuniko zinaweza kuwa tofauti na ulizozoea.

Ulitaka niseme nenda au subiri. Ulimi unaniwasha. Ila wewe ni mtu mzima, una leseni yako, na baba yako kaniapisha nisiamue. (Miezi sita zaidi kwenye wodi ya dharura haijamdhuru mtu, lakini hilo sikulisema.)

Waulize hao wanaokupeleka: zamu ya usiku nitakuwa na nani, na huyo ni mwajiriwa wa pale au naye ni wa kupita? Wakikujibu, nitumie jibu lao neno kwa neno kabla hujasaini.

Mama yako