Barua kwa mwanangu: wasomaji sita kabla ya mpiga chapa

Lindi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, uchape nakala 1,000 kama mpiga chapa anavyokushawishi, kwa kuwa bei ya nakala moja inashuka? Pili, utajuaje kama riwaya yako inasomeka, maana kila unayempa anakujibu lilelile, "Nzuri sana, hongera"? Nitaanza na la pili, kwa sababu la kwanza halina jibu kabla hilo halijatulia.

Hiyo "nzuri sana" si uongo, ni adabu. Mtu aliyekaribishwa chakula hasemi chumvi imezidi. Ulimuuliza "umeionaje?", naye akakujibu kama mgeni anavyomjibu mwenyeji. Badili swali. Muulize siku ya kwanza alisoma mpaka ukurasa wa ngapi, akaweka mswada chini wapi, na ilipita siku ngapi kabla hajaushika tena. Muulize ni wapi alilazimika kurudi nyuma ili aelewe nani anasema. Hapo hakuna kusifu wala kuumiza, kuna kukumbuka tu. Kisha iache wiki moja ipite, umpigie simu, umwombe akusimulie kisa chote kama anavyomsimulia jirani. Atakachokiruka ndicho ambacho hakikumwingia. Akimchanganya shangazi na mama wa kambo, huenda majina yao yanafanana, au uliwaingiza wote wawili kwenye ukurasa mmoja bila kumpa kila mmoja jambo lake.

Wasomaji sita wanatosha, lakini usiwape wote kwa pamoja. Wape watatu, rekebisha, halafu ndipo uwape watatu waliobaki mswada uliorekebishwa. Msomaji mgeni ni mgeni mara moja tu. Akishajua mwisho wa kisa hawezi tena kukuambia kama mwanzo unavuta. Ukiwamaliza wote sita kwenye rasimu ya kwanza, marekebisho yako yatakosa wa kuyapima.

Wachague kwa kazi zao. Wawili wawe walaji wa riwaya, watu wanaosoma hata karatasi iliyofungiwa maandazi. Mmoja awe mtu asiyesoma sana, kwani huyo hakuvumilii, akichoka anaacha. Mmoja awe mwalimu wa Kiswahili. Mmoja atoke mbali, Tabora au Mwanza, asiyewahi kukanyaga Kusini. Huyo ndiye atakayekuonyesha ni neno gani la Kimakonde au Kimwera linaeleweka lenyewe kwa jinsi ulivyolitumia, na lipi linamkwamisha. Usikimbilie tanbihi chini ya ukurasa. Mara nyingi sentensi moja zaidi ya kitendo inamaliza kazi, na msomaji haondolewi kwenye kisa. Wa sita awe mvuvi, kwa kuwa mhusika wako mkuu ni mvuvi wa Mikindani. Ukiandika ngalawa inasukumwa na upepo wa kaskazi mwezi wa Julai, yeye atakucheka, maana Julai huvuma kusi, upepo utokao kusini. Na aliyekucheka kwenye pepo hatakuamini kwenye mapenzi.

Sura yako ya unyago ni jambo la peke yake. Kabla hata ya wasomaji hao sita, mpelekee kungwi mmoja unayemheshimu, umsomee kwa sauti, umuulize ni lipi halifai kuwekwa hadharani. Siyo kwamba lazima ukubali kila asemalo. Lakini ukilijua mapema unaweza kuamua mwenyewe, badala ya kuamuliwa wakati vitabu vimeshatoka. Na angalia watu wa mtaani. Mikindani ni mji mdogo. Ukimpa mhusika mwovu duka pembeni ya msikiti, mguu unaochechemea na wake wawili, wenyeji watamtaja kwa jina hata kama hukulitaja. Badili vitu viwili vitatu. Kesi ya kashfa inakula fedha kuliko uchapaji.

Mswada wa wasomaji utoe kwenye karatasi, si kwenye simu. Karatasi ya A4, herufi za ukubwa wa 12, nafasi ya mstari 1.5, pambizo ya kulia sentimita 4 ili wapate pa kuandika. Maneno yako 60,000 yatatoka kurasa 180 hivi. Kama steshenari inatoza shilingi 100 kwa ukurasa, nakala moja ni shilingi 18,000, na zote sita ni 108,000. Wafungie kwa spairo, kwa kuwa karatasi za kubana na klipu hupotea na msomaji haoni aibu kukurudishia pungufu. Wape kalamu na alama tatu tu: mstari wima pembeni palipomchosha, alama ya kuuliza pasipoeleweka, na msalaba pale alipokataa kuamini. Ukiwaomba waandike maelezo marefu hawataandika. Wenye maneno mengi wakutumie ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, utasikia hata walipositasita. Wape wiki tatu. Chini ya hapo unawaharakisha, zaidi ya hapo wanasahau.

Wakikurudishia, usijitetee. Ukianza kueleza "hapo nilimaanisha hivi", umeshamfunga mdomo, na isitoshe hutakuwepo kumweleza msomaji wa Nachingwea. Jibu "asante, endelea". Baadaye chukua mswada mmoja safi, uhamishie humo alama za wote, kila mmoja kwa rangi yake. Mtu mmoja akiguna peke yake, fikiria. Watatu wakiguna ukurasa uleule, pana ubovu, hata kama wewe unaupenda ukurasa huo kuliko yote. Ila dawa watakayokupa usiimeze hivihivi. Watakwambia "ongeza maelezo ya harusi", kumbe harusi inachosha kwa sababu hatukujua mapema bibi harusi ana hatari gani. Msomaji anajua panapouma. Tiba ni kazi ya mwandishi.

Mazungumzo ya wahusika yajaribu kwa masikio. Jioni wakae wanawake wanne watano uani, mtu mwingine asome sura moja kwa sauti, wewe kaa pembeni ukiangalia nyuso. Akisoma mwingine, ulimi wake utajikwaa palepale ulipoandika sentensi ndefu mno, na wewe huwezi kuisaidia kwa mkato wa sauti yako. Weka alama kila anapojikwaa, na kila mtu anaponyanyuka kwenda kuangalia jiko.

Sasa uhariri, ambao wengi wanauruka. Kuna mhariri wa maudhui na lugha, na kuna msomaji wa prufu, yaani kurasa za majaribio za kusakia makosa. Wawe watu wawili tofauti. Mhariri hufanya kazi kabla kurasa hazijasanifiwa, yaani kupangwa kama zitakavyochapwa, prufu husomwa baada ya kusanifiwa, maana usanifu huzaa makosa mapya. Kubwa ni kukata maneno mwishoni mwa mstari. Programu ya kompyuta ikiachiwa kanuni za Kiingereza itakukatia "nyum-ba" na "ng'om-be". Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo ni "nyu-mba" na "ng'o-mbe". Mwambie msanifu azime ukataji wa maneno kabisa, au aukague mstari kwa mstari. Zima pia masahihisho ya kompyuta na ya simu unapoandika, kwa sababu hubadili maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza kimyakimya. Na tengeneza karatasi moja ya maamuzi yako: majina ya wahusika na umri wao, siku za matukio, na tahajia ulizochagua. "Kwa hiyo" ni maneno mawili kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mpe mhariri karatasi hiyo pamoja na mswada.

Kwa ukubwa wa A5, milimita 148 kwa 210, herufi za 11, utapata kurasa 208 hivi. Namba hiyo ni nzuri, kwani kwenye mashine ya ofseti, ile inayochapa kwa mabamba, kurasa hukunjwa kwa mafungu ya 16, na mafungu 13 ni 208 kamili. Ukifika 210 utalipia fungu la kumi na nne, lenye kurasa 14 tupu. Pambizo ya ndani, upande wa mgongo, isipungue milimita 20, la sivyo msomaji atalazimika kukipasua kitabu ili amalizie mstari. Karatasi iwe ya gramu 80 kwa mita ya mraba. Ya gramu 60 huonyesha maandishi ya upande wa pili. Kava iwe gramu 250 au 300, iwekewe lamineshni, utando mwembamba wa plastiki, maana unyevunyevu wa pwani huikunja kava tupu kama jani la mgomba lililokauka. Mgongo utakuwa na unene wa milimita 10 na kidogo. Usimruhusu msanifu achore kava kabla idadi ya kurasa haijafungwa, kwa sababu jina la kitabu litaangukia pembeni ya mgongo. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, na mchoro uzidi kingo kwa milimita 3 kila upande ili kisu kikipita pasibaki mstari mweupe.

Unapojichapishia, wewe ndiye mchapishaji; mwenye mashine ni mpiga chapa tu. Kwa hiyo ISBN, ile namba ya tarakimu 13 ya kukitambulisha kitabu, iombe mwenyewe Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kila umbo la kitabu lina namba yake: cha karatasi moja, cha kielektroniki nyingine. Uwasilishe pia Maktaba ya Taifa nakala zinazotakiwa na sheria. Hakimiliki yako ipo tangu ulipoandika, na kwa sheria yetu ya 1999 hudumu maisha yako na miaka 50 baada yake. Hata hivyo nenda ukasajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, itakusaidia kuthibitisha siku ya ugomvi. Na jambo moja kabla ya yote haya: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ina kipengele cha riwaya. Soma masharti yake, na ya tuzo nyingine yoyote unayoitamani, kabla hujachapa. Tuzo zinazopokea miswada tu zitafungwa kwako siku kitabu kikitoka.

Nirudi kwenye nakala 1,000. Usichape. Bei inashuka, kweli, kwa kuwa pleti za ofseti, yale mabamba ya kuchapia, zinagharimu kilekile kwa nakala 100 au 1,000. Lakini kitabu kimoja hiki kina uzito wa gramu 275 hivi. Elfu moja ni kilo 275 za karatasi ndani ya chumba chako cha Shangani, Mtwara, pwani, zikisubiri ukungu na mchwa, pamoja na makosa ambayo hujayaona bado. Chapa 200 kwa mashine ya dijitali, isiyohitaji pleti.

Nikupigie hesabu ya mfano, wewe uweke bei utakazopewa. Nakala 200 kwa shilingi 5,000 ni 1,000,000. Mhariri na prufu 600,000. Kava 150,000. Miswada ya wasomaji 108,000. Usafiri kutoka Dar es Salaam 42,000. Jumla 1,900,000. Nakala 20 utazitoa bure, usijidanganye, kwa hiyo zinazouzwa ni 180, na kila moja imekugharimu kama shilingi 10,556. Ukiuza 15,000 na duka likachukua asilimia 30, unapata 10,500. Umepoteza shilingi 56 kwa kila kitabu ulichokiuza! Ila ukiuza 90 dukani na 90 kwa mkono wako, unakusanya 2,295,000, na 395,000 inabaki. Basi nusu lazima ziuzwe na wewe mwenyewe: vyuo vya ualimu, walimu wa sekondari, mikutano ya vikundi. Panga kitabu kitoke Oktoba, minada ya korosho inapoanza na fedha zinapoingia majumbani. Mwezi wa Machi hata anayekupenda atakwambia "nitakuja". Pia mvua zikianza barabara ya Dar huleta shida. Mzigo ukisafiri kwa basi, kila katoni ivishwe nailoni ndani.

Kabla hujalipa, makubaliano yaandikwe: gramu za karatasi, aina ya kava, gundi au kushonwa, idadi, siku ya kukabidhi. Lipa nusu, nyingine baada ya kuona. Dai nakala moja ya majaribio. Ifungue katikati, ilaze kifudifudi mezani, bonyeza mgongo kwa kiganja. Karatasi ikichomoka, gundi ni mbovu. Kagua namba za kurasa moja baada ya nyingine. Na faili za usanifu, zile zinazoweza kurekebishwa, ziwe mkononi mwako pamoja na PDF. Bila hizo, toleo la pili utalipia upya.

Ukurasa wa mwisho wa kitabu weka namba ya simu, si yako ya kila siku, na swali moja: "Ulisimama ukurasa gani, na kwa nini?" Fungua daftari. Makosa ya chapa yaandike upande mmoja na ukurasa wake, maoni ya kisa upande wa pili. Ya upande wa kwanza yote yaingie kwenye toleo la pili. Ya upande wa pili yahifadhi kwa riwaya ijayo; usianze kubadili kisa ambacho watu wameshakinunua.

Mimi usiniweke miongoni mwa wale sita. Ni mama yako, nitaisoma sauti yako badala ya kuyasoma maandishi. Niachie prufu, hapo macho yangu yatakufaa. Kurasa zikishasanifiwa, nitumie zilizochapwa, na basi la asubuhi litanifikia siku hiyohiyo. Majina ya wasomaji watatu wa kwanza niambie kabla hujaenda steshenari.

Mama yako