Kasoro ya kiwandani au uharibifu wa baadaye? Kwa anayeanza kukagua sarafu

Sarafu nyingi zinazoonekana za ajabu ziliharibika baada ya kutoka kiwandani. Anza na dhana hiyo kila mara, na uiache pale tu ushahidi ulio kwenye sarafu yenyewe unapokukatalia. Anayeanza kwa kutamani kasoro ya kiwandani, kwa kuwa huweza kuipa sarafu thamani, ataiona hata kwenye mkwaruzo wa ufunguo.

Jiulize: jambo hili lingewezaje kutokea wakati sarafu inatengenezwa? Huwezi kujibu bila kuzijua hatua zenyewe. Bamba la metali hukatwa kuwa visahani vitupu, visahani hupita kwenye mashine inayoinua ukingo, kisha kila kimoja hugongwa kati ya mihuri miwili huku pete ya chuma ikikizuia kisitanuke. Muhuri huchongwa kinyume: penye shimo kwenye muhuri ndipo panapoinuka kwenye sarafu. Kwa hiyo muhuri ukipata ufa, metali huingia humo na sarafu hutoka na mstari ulioinuka. Mstari uliozama, wenye kijituta cha metali iliyosukumwa pembeni, ni mkwaruzo.

Vifaa ni vichache: kioo kinachokuza mara 10, mizani inayosoma hadi gramu 0.01, sumaku, na taa unayoweza kuihamisha. Usiamue kwa picha ya simu, kwa sababu mwanga ukitoka upande usioutarajia, kilichozama huonekana kimeinuka. Izungushe sarafu chini ya taa mpaka uwe na hakika.

Kabla ya kusema uzito si sahihi, tafuta uzito rasmi wa mwaka huo. Senti 1 ya Marekani ilikuwa gramu 3.11 ilipokuwa ya shaba, ikawa gramu 2.50 ilipohamia kwenye zinki iliyopakwa shaba, na mwaka 1982 zilitengenezwa za aina zote mbili. Nyepesi ya mwaka huo si kasoro. Vivyo hivyo, peni 1 ya Uingereza ya mwaka 1996 hunaswa na sumaku kwa kuwa ni chuma kilichopakwa shaba. Senti ya Marekani ya 1943 yenye rangi ya shaba inayonaswa na sumaku ni ile ya kawaida ya chuma, ya gramu 2.70, ambayo mtu aliipaka baadaye.

Maandishi pacha, yaani yanayoonekana mara mbili, ndiyo yanayowapotosha wengi, basi hapa usiwe na haraka. Pacha halisi hutokana na muhuri wenyewe: wakati wa kuutengeneza, umbo liliingizwa humo zaidi ya mara moja bila kulingana sawasawa. Kwenye sarafu utaona herufi nene kuliko kawaida, zenye mviringo kwa juu, na pembe zake zimegawanyika kama mkia wa mbayuwayu. Kila sarafu iliyogongwa na muhuri huo itakuwa na alama ileile mahali palepale, na ndiyo maana senti ya Marekani ya 1955 yenye tarehe pacha hulinganishwa na mifano inayojulikana. Pacha ya mashine ni jambo jingine. Muhuri uliolegea hutikisika baada ya kugonga na kuibonyeza herufi ambayo tayari imeshaumbika. Huacha kidaraja bapa, cha chini, kinachong'aa, na herufi hubaki nyembamba kwa sababu sehemu yake imeliwa. Haiongezi thamani, hata ikionekana wazi kiasi gani.

Sarafu iliyomeguka ukingoni ikaguliwe upande wa pili. Kisahani kilichokatwa vibaya mara nyingi huwa na ukingo hafifu mkabala na pengo, maana mashine ya kuinua ukingo ilikosa cha kukandamiza. Herufi zilizo karibu na pengo hunyooka na kufifia kuelekea huko. Ukiona herufi zimekatwa kwa ncha kali na mistari ya tupa, hiyo imekatwa kwa mkono.

Taswira iliyozama na kugeuka kama kwenye kioo inaweza kuwa halali, pale sarafu ya awali ilipokwama kwenye muhuri ikakigonga kisahani kilichofuata. Lakini sarafu mbili zikibanwa kwenye jiliwa hutoa sura inayofanana. Zilizobanwa bado zina mchoro wao wa asili chini ya alama, tena umepondeka. Sarafu yenye ukingo mnene uliojikunja kwa ndani aghalabu ilinaswa kwenye mashine ya kukaushia nguo.

Herufi zilizokosekana huenda zilizibwa na grisi ndani ya muhuri. Hapo uso hubaki laini. Zilizosuguliwa huacha mistari myembamba sambamba.

Uvimbe au doa usiloelewa huenda ni gundi au rangi. Pima na upige picha kwanza. Weka asetoni safi, si dawa ya kutolea rangi ya kucha, kwenye chombo cha glasi chenye kifuniko, mbali na moto na penye hewa ya kutosha. Acha sarafu dakika 10, igeuze, ihamishie kwenye asetoni mpya, kisha iache ikauke yenyewe bila kuifuta. Kilichoyeyuka hakikuwa sehemu ya sarafu. Asetoni haiondoi kutu, kwa hiyo kinachobaki bado kinahitaji kukaguliwa kwa kioo. Siki, limau na dawa ya meno viweke mbali kabisa: vinakwangua au kula uso wa sarafu, na hata kasoro ya kweli hupoteza thamani uso ukishaguswa hivyo.