Jibu: Pikipiki ya Yamaha AG100 (injini ya two-stroke) inafuka moshi mweupe hata baada ya kubadilisha ringi za pistoni

Ndugu, kama ringi ni mpya, moshi bado mzito na oili ya gia inapungua bila kudondoka chini, usihangaike tena na pistoni. Angalia sili ya krenki (mpira unaoziba pembeni mwa ekseli inayozungushwa na pistoni) upande wa klachi. Ikichoka, injini inavuta oili ya gia na kuichoma. Pikipiki iliyolala miaka mingi, sili zake hukakamaa kama ngozi kavu.

Ukishafungua, badilisha pia sili ya upande wa magneti (upande unaozalisha umeme). Hiyo ikiingiza hewa, petroli inakuwa pungufu, injini inapanda mzunguko yenyewe, inachemka, pistoni inang'ang'ania ndani ya silinda. Mimi niliidharau, nikaishia kuchongesha silinda. Egzosi nayo isafishe, maana oili iliyoganda mle itafuka siku kadhaa ukadhani hujatengeneza kitu.