Potifolio ya filamu ukiwa na simu tu

Dogo umesema umemaliza form six, unaomba chuo (TaSUBa, kile chuo cha sanaa pale Bagamoyo, au UDSM) na huku unatafuta prodakshen ikupokee ujifunze kazi, una simu tu, utume nini kama potifolio (kazi za kuonyesha unachoweza). Mimi naediti hapa Dar na vijana wakiomba kujitolea ofisini kwetu klipu zao zinapitia kwangu, so nakwambia ninachokiona.

Achana na ile video ya slomo, machweo ya Coco Beach na mdundo wa amapiano, karibu kila mtu anatuma hiyo hiyo na haituambii chochote zaidi ya kwamba simu yako ina slomo. Tengeneza kitu kimoja cha dakika tatu kiishe, kiwe na mtu anayetaka kitu na kuna kinachomzuia. Mama wa vitumbua gesi imemkatikia asubuhi na wateja washajaa, tayari hiyo ni filamu, hamna haja ya bunduki wala mzimu wala mtoto wa tajiri kumpenda houseboy (hizo Bongo Movie washazimaliza zote).

Halafu sauti, hapa ndo wengi wanafeli vibaya. Picha ya hovyo mtu anaivumilia ila maneno yasiposikika anafunga fasta. Azima simu ya pili, rekodi sauti humo, itie mfuko wa shati wa muigizaji, kisha piga kofi moja mbele ya kamera, kwenye kuediti unaoanisha ule mlio na pale viganja vinapokutana. Zima feni, zima friji, na funguo zako za nyumba ziweke humo ndani ya friji ili usiondoke bila kuiwasha, maana mama akikuta samaki wameoza ndo mwisho wa kazi yako ya filamu. Rekodi pia nusu dakika ya chumba kikiwa kimya, utaihitaji kuziba mapengo.

Picha si ngumu, laza simu, funga fokasi na mwanga kwenye kamera visibadilike katikati ya shoti, usizumu, sogea kwa miguu. Ndani kwenye tyubulaiti weka fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde kama app yako inaruhusu, umeme wetu ni hezi 50, ukiacha 30 na 1/60 unaweza kuona mistari inatembea ukutani. Kuediti DaVinci Resolve ya bure inatosha kama una PC ya maana, kama huna CapCut fresh tu ila toa ule mwisho wenye nembo yao. Muziki muombe mshkaji apige gitaa, ukiweka ngoma ya msanii YouTube wanaweza kuiblok video siku hiyo hiyo inaangaliwa.

Sasa chuo na kazini si sawa. Chuo soma kwanza sifa za kujiunga maana matokeo yako ndo yanaanza, ila wakitaka kuona kazi waonyeshe unavyofikiri, weka skripti, storibodi (michoro ya shoti moja moja) hata ya watu wa vijiti, na aya moja ya kwa nini hadithi hiyo. Ukipata nauli ya boti nenda ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, kaa na watu uangalie filamu fupi uone wanaanza kushika simu zao wapi, utajifunza kukata.

Kwa prodyuza ni tofauti, yeye anajiuliza huyu nikimpa memori kadi itarudi salama? Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya folda, bosi aliona faili zangu zote zina jina la sini na teki (shoti imerudiwa mara ya ngapi), akasema anza Jumatatu, filamu yenyewe hata hakuimaliza. So tuma na skrinshoti ya folda zako. Na andika ulichofanya kweli, usijiite dairekta kwenye kazi uliyoshika reflekta (ule ubao wa kurudisha mwanga), hawa watu wanajuana na wanapigiana simu.

Link ya Drive iweke wazi kwa yeyote mwenye nayo, ijaribu kwenye simu ya mtu mwingine kabla hujatuma, mimi ikiniambia niombe ruhusa nahamia kwa anayefuata.