Kwa rejista wapya wa mifupa, raia na wanajeshi: anzeni na nyama

Karibuni wote mnaoanza kusomea upasuaji wa mifupa. Najua wengine mmetoka kaunti mlikokuwa MO (daktari wa kawaida) wa kila kitu, leo sizarian kesho jipu, na wengine mmetoka kambini na bado mnasimama wima konsaltanti (daktari bingwa) akiingia. Mtakaa pamoja miaka mitano, wodi moja, thieta (chumba cha upasuaji) moja, kwa hivyo nawaandikia pamoja, na jambo kubwa nililo nalo ni hili: msikimbilie mfupa. Nyama iliyouzunguka ndiyo inaamua kama huyo mtu atatembea.

Ukiwa mgeni macho yote yanaenda kwa eksirei, ju inavutia, unaona paja limekatika vipande vitatu na akili tayari iko kwa neli (chuma kirefu kinachoingia ndani ya mfupa) na skrubu. Sasa angalia mgonjwa mwenyewe. Mtu wa boda aliyegongwa usiku Thika Road na askari aliyelipuliwa na bomu la kutegwa barabarani wanakuja na vidonda ambavyo ni ndugu: nguvu nyingi imepita hapo, kuna mchanga ndani, kuna vipande vya nguo ndani, na misuli imepondeka mbali sana kuliko lile shimo unaloliona kwa ngozi. Ndiyo maana mimi naona kusomeshwa raia na wanajeshi pamoja ni bahati. Kazualti (mapokezi ya dharura) ya Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, haikosi mguu uliovunjika, mkono wako utazoea haraka, na wenzenu wa jeshi wanakuja na mazoea ya kutibu kidonda kichafu kwa mpangilio hata vifaa vikiwa haba. Hata kazi yetu imekua hivyo tangu zamani. Splinti (gango la kushikilia mguu) ya daktari Hugh Owen Thomas ilitengenezewa raia Liverpool karne ya 19 lakini ilipata heshima yake Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Robert Jones alipohimiza itumike kwa wanajeshi waliovunjika paja, na daktari Ilizarov kule Siberia alianza pete zake za chuma za kushikilia mfupa kutoka nje miaka ya 1950 akiwa na wagonjwa wengi walioumia vitani.

Sasa usiku wa zamu. Mvunjiko wenye kidonda ukiingia, antibayotiki kwanza, ndani ya saa moja, usingoje eksirei irudi, usingoje kuulizana nani analipa. Chanjo ya pepopunda. Piga picha ya kidonda mara moja kwa ruhusa ya mgonjwa, funika na shashi yenye maji ya chumvi, funga splinti, na kila anayepita asifungue tena kuchungulia, ju kila kufungua ni kukaribisha wadudu. Pima mpigo wa damu kabla ya kunyoosha na baada ya kunyoosha, uandike zote mbili. Gredi ya Gustilo (kipimo cha ubaya wa mvunjiko wenye kidonda) utaiandika kazualti kwa penseli kichwani mwako tu, gredi yenyewe inatolewa thieta baada ya kusafisha, kwa sababu kashimo ka sentimita moja kanaweza kuwa kamefunika misuli iliyokufa kiganja kizima.

Thieta kata ngozi vya kutosha uone. Halafu misuli unaikagua kwa utulivu: rangi yake, inashikana au inakatika kama imeiva, inaruka ukiibana kwa foseps (koleo ndogo), inatoa damu ukiikata. Ikikosa hayo, itoke. Wengi wanaogopa hapa, wanaacha kidogo kwa huruma, na hicho kidogo ndicho kinatoa usaha siku ya nne. Kuosha ni maji ya chumvi ya kawaida, mengi, presha ndogo inatosha, utafiti mkubwa wa FLOW wa 2015 ulionyesha presha kubwa haiongezi faida na sabuni haishindi maji ya chumvi.

Na kufunga? Hapa ndipo wanajeshi watawafundisha raia. Kidonda cha vita hakishonwi siku ya kwanza, kinaachwa wazi na bandeji nene, kinarudishwa thieta baada ya siku 3 hadi 5 na kama ni kisafi ndipo kinafungwa au kinawekwa ngozi. Huo utaratibu umelipiwa na miguu ya watu wengi sana, uheshimuni hata mgonjwa akiwa ni raia aliyepigwa risasi mtaani. Mvunjiko wa kawaida wenye kidonda kidogo kisafi unaweza kufungwa siku hiyo hiyo kama umesafisha vizuri, ni sawa, lakini ukiwa na shaka acha wazi. Hakuna konsaltanti nimewahi kumsikia akigombeza mtu kwa kuacha kidonda wazi.

Kitu kingine cha nyama ni presha ndani ya misuli. Mgonjwa aliyevunjika tibia (mfupa wa muundi), kijana, amewekwa plasta jioni, saa nane usiku Sista anakupigia simu anasema huyu analia na morfini amepewa. Amka. Usiseme ongeza dawa. Nenda umshike kidole gumba cha mguu ukivute juu na chini polepole, akiruka kwa uchungu kule kwa muundi basi ushapata jibu, usingoje mpigo wa damu upotee, ukipotea umechelewa. Pasua plasta yote pamoja na sufi hadi uone ngozi, weka mguu usawa wa moyo, usiupandishe juu, na kama haijatulia haraka mpigie mkubwa wako simu na mgonjwa aanze kuelekea thieta. Misuli haikupi usiku mzima, ni masaa machache tu. Nasisitiza mpigie mkubwa simu. Na huyo Sista mshukuru mbele ya watu kwa raundi ya asubuhi, ndio kesho akupigie tena.

Mambo ya vyeo sasa. Raia, mwenzako akiwa Kapteni au Meja mwite hivyo mbele ya askari wake, haikugharimu kitu. Wanajeshi, huku wodini mama mgonjwa hajui cheo chako, anajua kama ulimweleza au hukumweleza, na mzee aliyelala kwa trakshoni (mguu ukivutwa kwa uzito) wiki ya tatu anataka uketi umwambie mpango ni upi. Na nyote wawili, chumba cha plasta mkubwa ni fundi wa plasta. Awe sajini, awe raia anayekaribia kustaafu, simama kando yake uangalie vile anatandika sufi, vile anabonyeza sehemu tatu ili mfupa usirudi ulikotoka, vile anaacha vidole huru. Mtajifunza kwake mambo ambayo hayako kwa kitabu chochote.

Pia mjue mwenzenu wa jeshi anaweza kuitwa aende, na hapo zamu inabaki na mashimo. Msinung'unike, pangeni mapema, na muhimu zaidi kila mtu aandike faili kana kwamba kesho hatakuwepo: kidonda kiko aje, mishipa iko aje, kinarudi thieta lini, familia imeambiwa nini. Nimeona wagonjwa wakikaa tu kitandani ju mpango ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Pesa itawaumiza roho. Mgonjwa yuko tayari, implanti (chuma cha kuweka kwa mfupa) haijalipiwa, SHA (bima ya afya ya serikali) bado inajibu, siku zinaenda. Msizoee. Jueni karani wa SHA kwa jina, jueni ofisa wa ustawi wa jamii, na mjifunze neli ya shirika la SIGN vizuri kwa sababu inaingia na kufungwa skrubu bila C-arm, ile mashine ya eksirei ya thieta. Aliyeianzisha 1999, Lewis Zirkle, alikuwa daktari wa jeshi la Marekani Vietnam, na hospitali inayotuma picha za wagonjwa wake inaletewa neli nyingine. Mgonjwa akirudi kliniki, SIGN wanataka picha ya mgonjwa amechuchumaa akitabasamu. Hiyo picha naipenda, ju goti na nyonga vyote vinajibu mtihani hapo.

Mitihani sitasema mengi. Kama uko njia ya COSECSA (chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini) kuna mtihani wa MCS baada ya miaka miwili na wa FCS mwishoni, na logibuku (daftari la upasuaji uliofanya) jaza siku ile ile. Tesisi (utafiti wa kumalizia masomo) ndiyo inachelewesha watu. Chagua swali linalotoka wodini kwako, dogo, linaloweza kuisha, na kama unataka data ya wanajeshi kumbuka kamati ya maadili ya chuo pekee haitoshi, jeshi nalo lazima likubali, na barua zake zinapanda ngazi kwa ngazi. Zianze mwaka wa pili.