Uliza Fundi: Paa Halifungi, Madirisha Yana Ukungu

Shikamoo Bibi Fundi. Ninaunganisha nyumba ya wanasesere ya vipande vya mbao vilivyokatwa kwa leza, ile ndogo kabisa ya kipimo cha 1:144, yaani kila kitu ni kidogo mara 144 kuliko cha kweli. Kila kipande nilikipaka rangi tabaka tatu, kwa utulivu, kisha nikasimamisha kuta kwa gundi nyeupe. Paa halikai. Upande mmoja unabaki wazi kiasi cha kupitisha ukucha; nikilibana linatulia, nikiliachia linainuka. Na madirisha ya plastiki, niliyobandika kwa gundi kali ya papo hapo, yamepata ukungu mweupe. Nivunje nianze upya?
Mkono Mzito

Marahaba, mwanangu. Usivunje chochote. Shida yako ni hizo tabaka tatu, na hapo ndipo wapakaji wazuri wanapoumia kuliko wavivu.

Hebu tupige hesabu. Tuseme rangi yako imefikia unene wa karatasi, sehemu moja ya kumi ya milimita. Zidisha kwa 144, utapata zaidi ya milimita 14. Huo ni unene wa plasta kwenye nyumba ya kweli. Umepiga plasta nyumba nzima, na mbaya zaidi umeipiga hadi kwenye ndimi, vile vijisehemu vinavyochomoza ukingoni mwa kipande, na matundu ya kuzichomekea. Ulimi uliovaa rangi hauzami hadi mwisho, ukuta unabaki juu kidogo, halafu lawama zote zinaliangukia paa.

Laza rula juu ya kuta mbili zinazokabiliana, uinamishe kichwa hadi jicho liwe sawa na rula. Ukuta mrefu utainyanyua rula upande mmoja, nao mfupi utauona kwa rula kuinamia upande wake. Huo mrefu ndio wa kutoa. Chovya pamba kwenye maji ya uvuguvugu, ikamue, uiwekee kwenye kiungo dakika chache. Gundi ikianza kuwa nyeupe kama maziwa imelainika, tikisa taratibu. Ikigoma, tumia spiriti ya kusafishia vidonda, ila ujue itakula na rangi. Kwangua ulimi kwa ncha ya wembe mpaka uone mbao tupu. Msasa usiutumie hapo, utapunguza mbao yenyewe na kiungo kitacheza. Mbao ikikauka kabisa jaribu kuchomeka bila gundi, kisha gundi kidogo kwa ncha ya kijiti cha meno, uegemeze kona kwenye kasha la kiberiti ili isimame wima, ufunge na mpira wa nywele hadi kesho. Hadi kesho kweli, si hadi baada ya chai.

Ukungu wa madirisha ni mvuke wa gundi ile ya papo hapo, unatua kwenye plastiki na kuganda. Yatoe, ukate mengine kwenye plastiki angavu ya kifungashio, uyabandike kwa gundi nyeupe; ikikauka haionekani.

Na usijione mjinga. Nyumba yangu ya kwanza niligeuza ukuta wa nyuma juu chini, nikaja kugundua baada ya siku mbili kwamba mlango wa jikoni uko ghorofani na unafungukia hewani. Bado ninayo, kabatini.

Bibi, nilipiga chafya nikapoteza ngazi. Nimefagia chumba kizima sijaiona.
Mama Wawili

Usizitupe fremu zilizobaki baada ya kutoa vipande, zina unene uleule. Chonga ngazi nyingine humo. Siku nyingine fanyia kazi ndani ya sinia lenye ukingo, lililotandikwa kitambaa cheupe.

Nilimwambia rafiki kwa simu kwamba nyumba ndogo inanimalizia usingizi, mke wangu akasikia, na unajua ilivyokuwa. Tumepatana. Sasa anataka tujenge pamoja, lakini macho yetu si ya ujana. Kipimo gani kinatufaa?
Baba Miwani

Pole, baba! Angalieni mlango. Mlango wa mita mbili kwenye 1:12 una karibu sentimita 17, kwenye 1:48 kama sentimita nne, kwenye 1:144 ni milimita 14 tu. Hicho kidogo ni 12 mara 12: nyumba ya kuchezea ya mwanasesere anayeishi kwenye nyumba ya 1:12. Kwenye 1:12 mnaweza kufika mbali mnavyotaka. Ile ya Malkia Mary iliyoko kasri la Windsor, Uingereza, iliyobuniwa na Edwin Lutyens na kukamilika 1924, ina maji ya bomba na lifti zinazofanya kazi. Ila 1:12 itakula meza nzima. Chukueni 1:48, mnunue na kioo cha kukuzia chenye mguu, na mkeo ndiye ashike kibano.